Anayetoa leseni ya bunduki ndiye afundishe

Babu yangu kule Mufindi alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori kwenye mahindi. Jioni, kabla ya kwenda kulala kwenye dungu, alichukua ufito wa chuma wa kushindilia baruti akauzamisha mtutuni. Ufito ulikuwa na alama aliyoikata kwa tupa. Alama ikilingana na mdomo wa mtutu, gobore ni tupu. Ikibaki juu, mna baruti na gololi ndani.

"Mjukuu wangu, hili huwezi kulifungua ukachungulia. Ufito ndio jicho lako."

Mafunzo yangu yote ya silaha ni hayo, na niliyapata kwa bahati ya kuwa na babu wa namna ile. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema usalama wa bunduki ufundishwe nyumbani, baba kwa mwana. Baba asiyejua atamfundisha nini mwanawe?

Mwezi uliopita pale Mwanjelwa, Mbeya, nilimkuta mlinzi wa duka, kijana mdogo tu, ameketi kwenye kiti cha plastiki, bunduki ameisimamisha katikati ya magoti na kidevu amekiegemeza kwenye mdomo wa mtutu. Watoto wa shule wanapita. Nilimsalimia, nikamuuliza alifundishwa wapi. "Nilionyeshwa kufyatua, dada, siku nilipoanza kazi. Mengine nayajulia humu humu." Nilikosa usingizi kwa jibu lile. Mwajiri anataka lindo lishikwe leo, hana muda wa darasa.

Kwangu mimi mzigo huu ni wa Jeshi la Polisi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, silaha haimilikiwi kihalali bila kupita mikononi mwao. Basi wanaoamua nani amiliki wahakikishe pia anajua: mtutu usielekezwe kwa mtu hata kama unaamini hamna risasi, kidole kikae nje ya kifyatulio, risasi zifungiwe mbali na bunduki. Asiyeweza kuyaonyesha kwa mikono yake mbele ya askari asipewe leseni. Na kampuni ya ulinzi isikabidhiwe hata bunduki moja mpaka kila mlinzi wake apimwe hivyo hivyo. Mwaka 2016 polisi walipohakiki silaha nchi nzima, wamiliki walikwenda wenyewe vituoni na bunduki zao. Darasa gani lingekuwa rahisi kuliko lile?

Magobore ya vijijini yasiyosajiliwa ni kazi ngumu zaidi, maana mwenye nalo analificha. Huko aende polisi kata kwenye mkutano wa kijiji, aongee na wote bila kuuliza nani analo.

Na wasiishie kwa mmiliki. Babu alifariki ghafla, mahindi yakiwa bado shambani. Wiki tatu baadaye baba mdogo alilipeleka gobore kituoni kulisalimisha. Askari alikuwa anataka kulilaza mezani, baba mdogo akaomba kwanza azamishe ufito. Alama ilibaki juu, vidole vitatu. Mama mdogo alikuwa ameshalihamisha mara mbili ili afagie chumba.

Darasa hilo nataka aitwe na yeye pia.