Ngiri ya baba mdogo na utumbo wangu uliozibia Leeds

Mwaka juzi utumbo wangu uliziba nikiwa hapa Leeds, Uingereza. Kovu la operesheni ya kidole tumbo niliyofanyiwa Tanga nikiwa sekondari lilikuwa limeota utepe ndani, na utumbo mwembamba ukanaswa. Tumbo likajaa, natapika kijani, haitoki hewa wala choo. Usiku huohuo nikapigwa picha ya CT, mpira ukapitishwa puani kunyonya yale maji, na alfajiri nikapasuliwa. Utepe ukakatwa, utumbo ukakutwa ungali hai. Hakuna aliyeniuliza hela.

Baba mdogo, kule Lushoto, aliishi miaka tisa na ngiri, yaani utumbo unaochomoza kinenani kupitia upenyo wa misuli. Inatoka, anaisukuma kwa kidole, anarudi kwenye kabichi zake. Siku ilipogoma kurudi wakasema ni chango, wakamnywesha dawa ya kuharisha. Hapo ndipo ninapoumia. Utumbo uliobanwa haufunguliwi na kuharisha. Damu haipiti, na kila saa inayokwenda unazidi kufa, mwisho unatoboka. Alifikishwa hospitali siku ya tatu, sisi bado tunachangishana kwenye kundi la WhatsApp. Walikata kipande cheusi, urefu wa mkono, wakaunganisha pande mbili zilizobaki.

Na akapona. Nalisema hili kwa sababu huku ugenini tumezoea kuwadharau madaktari wa nyumbani. Yule daktari alifanya kazi safi, tena kwenye tumbo bovu kuliko langu. Kilichotutofautisha ni siku zile tatu.

Mama mdogo alinipigia simu siku ya tano: "Mwanangu, baba yako katoa hewa!" Hewa ikitoka, ujue utumbo umeanza kazi tena. Akalia, nami nikalia. Mimi nilipotoa yangu, nesi aliandika tu kwenye faili. Sikuwa na ndugu wodini.

Ngiri isiyouma husubiri foleni ndefu hata Uingereza. Ila kuitengeneza mapema hakuhitaji Ulaya. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa mashariki mwa Uganda: wanaume 302 walishonewa ngiri, wengine kwa wavu wa kiwandani wa bei kali, wengine kwa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa. Baada ya mwaka mmoja matokeo yalilingana.

Tulichochanga kwa dharura ile kingetosha kuwatengeneza wanaume watatu wa ukoo wetu kabla hawajabanwa. Nimemuuliza mama mdogo nani mwingine ana uvimbe kinenani. Kanitajia wawili. Hela ya wa kwanza nimetuma Ijumaa.