Akina Joseph watatu wa Obuasi: waasisi au madalali?

Jina "Ashanti" limefika Geita kwa njia ndefu. Mwaka 1996 kampuni ya Ashanti Goldfields ya Ghana iliinunua Cluff Resources, na ndani ya mkoba wa Cluff ilikuwamo Geita. Mgodi ukafunguliwa mwaka 2000, na miaka minne baadaye Ashanti ikaungana na AngloGold ya Afrika Kusini. Kwa hiyo mambo ya Obuasi, mji wa machimbo ulio kusini mwa Kumasi, makao ya wafalme wa Ashanti, siyasomi kama habari za watu wa mbali. Dhahabu ya Geita inachimbwa chini ya jina lililozaliwa kule, na tuna haki ya kuuliza wazazi wake ni nani.

Jibu tunalopewa kwa kawaida ni fupi. Ashanti Goldfields Corporation iliandikishwa London tarehe 11 Mei 1897 kwa mtaji wa pauni 250,000. Mkurugenzi wake alikuwa Edwin Cade, mfanyabiashara wa London aliyekuwa akiagiza mazao ya Afrika Magharibi. Mwenyekiti alikuwa Frederick Gordon, tajiri wa mahoteli makubwa ya Uingereza, na kazi ya mgodi ilikabidhiwa mhandisi John Daw. Simulizi ya kampuni inaanzia hapo.

Lakini dhahabu ile ilikuwa na wenye haki kabla ya Cade. Mwaka 1890 wafanyabiashara watatu wa Cape Coast, mji wa pwani ya Ghana, Wafante, watu wa pwani hiyo, wote wakiitwa Joseph, walikubaliana na watawala wa Bekwai na Adansi, nchi za eneo la Obuasi, wapewe haki ya kuchimba katika eneo la maili za mraba 100. Majina yao ni Joseph Ellis, Joseph Biney na Joseph Brown. Mwaka 1895 Cade alifika, akaona mwamba, akachukua sampuli za mawe, na haki za wale watatu zikapita mikononi mwake.

Kuhusu watu hawa watatu nimesikia hukumu za aina mbili. Moja inawapa sentensi moja, kama wabeba taa waliomwonyesha bwana mkubwa njia kisha wakarudi kando. Nyingine, ambayo naisikia zaidi kwa vijana wenye uchungu na mali ya Afrika, inawaita madalali: waliuza ardhi ambayo haikuwa yao kwa mtu ambaye hakustahili kuipata. Hukumu zote mbili zinawadhulumu, na ya pili inaniuma zaidi kwa sababu inatoka kwa watu ambao nia yao naishiriki.

Nianze na haki ya Cade, maana anayo. Dhahabu ya Obuasi haikuwa ya mchangani tu, ile anayoioshea mtu mtoni akaondoka na vumbi lake. Ilikuwa ndani ya mwamba mgumu unaozama chini. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye duara, yaani shimo, la wachimbaji wadogo kule kwetu anajua kinachotokea: unashuka vizuri mpaka maji yanapokuja, na maji yakija, bila pampu umekwama. Mwamba nao haupondwi kwa mikono kwa faida. Unataka karasha za chuma, unataka mvuke, unataka fundi. Waashanti walikuwa wamechimba kwa karne nyingi na walijua mikanda ya dhahabu ilipo, ila kina kile kilihitaji mitambo, na mitambo ilihitaji fedha za watu wengi wasiojuana. Soko la hisa la London lilikuwa na watu hao, na Gordon alijua namna ya kuwafikia. Cape Coast haikuwa na soko la namna hiyo.

Tena kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Mwishoni mwa 1897 vyuma vya mgodi vilisafirishwa kutoka pwani vichwani mwa wapagazi, zaidi ya kilomita mia moja za msitu, kwa sababu reli ilikuwa bado. Reli kutoka Sekondi ilifika Obuasi mwaka 1902. Cade alifariki 1903, Gordon 1904. Hawakukaa kula matunda muda mrefu. Anayesema walikuja kuokota tu hajapima uzito wa chuma kile, ingawa mimi nikikipima nawafikiria kwanza wale waliokibeba.

Sasa nije kwa akina Joseph.

Kwenda Obuasi mwaka 1890 ukiwa Mfante haikuwa safari ya sokoni. Wafante na Waashanti walikuwa wamepigana kizazi baada ya kizazi. Vita vya 1873 hadi 1874, vilivyoishia kwa Waingereza kuichoma Kumasi, vilikuwa bado kwenye kumbukumbu za watu wazima. Mwaka 1886 Bekwai iliwapiga Waadansi na kuwafukuza ng'ambo ya mto Pra, hivyo hata swali la nani mwenye ardhi lilikuwa na majibu mawili yenye damu. Kumasi yenyewe ilikuwa inatoka katika ugomvi wa kurithi kiti, na Prempeh, mfalme wa Ashanti, alikuwa kijana mdogo aliyeteuliwa mwaka 1888. Katika hali hiyo watu watatu wa pwani, wenye lugha inayosikilizana na ya wenyeji na wenye kujua kusoma mikataba ya Kiingereza, wakaketi na watawala wa bara wakakubaliana. Walitambua thamani ya mahali, wakapata ridhaa ya wenyeji, wakaweka maandishi, wakaanza kuchimba kwa uwezo waliokuwa nao. Mtu akifanya hayo Johannesburg au California anaitwa mwasisi. Sioni kwa nini akifanya Obuasi aitwe mwongoza njia.

Walishindwa kuendelea kwa sababu mbili. Ya kwanza nimekwisha kuitaja, fedha. Ya pili ndiyo yenye uzito, na ndiyo isiyosemwa: hati zao zilikuwa na nguvu ndogo kwa sababu ya mikono iliyozishika.

Tazama mambo mawili yaliyotokea karibu pamoja. Mwaka 1895 Prempeh aliwatuma wajumbe London, wakiongozwa na John Owusu Ansa, kuomba nchi yake iachwe huru. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alikataa kuwapokea. Wakiwa huko wajumbe walimpa Mwingereza mmoja haki za kibiashara katika Ashanti, zikiwemo za madini na reli, kwa matumaini kwamba kampuni ya Kiingereza yenye maslahi ingeizuia serikali ya Kiingereza kuvamia. Serikali ikasema wajumbe wale hawana mamlaka yoyote na hati yao haina maana. Januari 1896 majeshi yaliingia Kumasi, Prempeh akakamatwa, akapelekwa Sierra Leone na baadaye Shelisheli, ambako alikuja kuishi uhamishoni pamoja na Kabarega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Na hati ya Cade, ambayo asili yake ilikuwa sahihi za watawala wadogo wa chini ya kiti kilekile cha Ashanti? Hiyo ilikubaliwa. Haikupita kwa urahisi, maana Maxwell, gavana wa Pwani ya Dhahabu (koloni ambalo leo ni Ghana), hakuwapenda wawinda vibali na alimsumbua Cade. Lakini mwisho ilikubaliwa.

Sahihi ya wajumbe wa mfalme ikawa takataka, sahihi za walio chini yake zikawa msingi wa kampuni. Kilichozitofautisha ni anuani ya aliyeziwasilisha na maslahi ya aliyezipokea. Kama akina Joseph wangeng'ang'ania hati yao baada ya Januari 1896, wangebishana na serikali ileile iliyomtupilia mbali Asantehene, mfalme wa Waashanti. Mfanyabiashara mwenye akili angeona upepo unakoelekea. Kumwita msaliti kwa sababu aliuza akiwa bado na cha kuuza ni kumtaka awe shujaa katika vita ambavyo mfalme mwenye jeshi hakuweza kuvipigana.

Kisha ipo ile namba ambayo kila nikiirudia hainiachi. Upangaji uliotolewa kwa kampuni mwaka 1897 ulikuwa wa miaka 90, kwa eneo lote la maili za mraba 100. Nimejaribu kuupima kwa vipimo vya nyumbani. Maili 100 za mraba ni kama kilomita za mraba 259, karibu moja ya sita ya kisiwa cha Unguja. Chukua Unguja, ikate vipande sita, kimoja mpe mtu mmoja. Na muda: miaka 90 kuanzia 1897 inafika 1987. Siku upangaji ule ulipoanza, Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, Maji Maji ilikuwa bado miaka minane. Siku ambayo ungekwisha wenyewe, Wajerumani walikuwa wamekwenda, Waingereza wamekuja na kuondoka, uhuru umepatikana, Azimio la Arusha limetimiza miaka 20, na Mwalimu amekwisha kung'atuka. Vizazi vitatu, karatasi moja. Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957 ilirithi bendera, bunge, na mpangaji mwenye miaka 30 mbele yake. Mwaka 1969 Lonrho, kampuni ya Uingereza, iliinunua kampuni, na upangaji ukaongezwa kabla haujafika mwisho. Mwaka 1972 ndipo serikali ya kijeshi ya Acheampong nchini Ghana ikajitwalia asilimia 55 ya hisa.

Namba hiyo ndiyo kiini cha tofauti kati ya waasisi wa kwanza na waasisi wa pili. Kwa mila ya Waakan, jamii ambayo Waashanti na Wafante wote ni sehemu yake, ardhi ni ya kiti cha utawala: ni ya waliokufa, walio hai na wasiozaliwa. Mtawala huilinda, haiuzi. Anaweza kumruhusu mgeni achimbe, na mgeni hutoa sehemu yake. Theluthi kwa mwenye ardhi ulikuwa utaratibu unaojulikana, na vipande vikubwa vya dhahabu vilikuwa vya mtawala, mchimbaji akabaki na vumbi. Ruhusa ya namna hiyo ina uhai. Mgeni akikorofisha inazungumzwa upya, mtawala akifa inazungumzwa upya. Watawala wa Bekwai na Adansi walipokaa na Wafante watatu, pande zote mbili zilikuwa za watu waliokulia ndani ya mila hiyo. Ni sawa na mwenye shamba kumkaribisha mgeni alime: hakuna anayedhani kwamba mjukuu wa mgeni atakuja na karatasi kumfukuza mjukuu wa mwenyeji. Ruhusa hiyo ilipovuka bahari, ikapita kwa mawakili na ofisi ya makoloni, ilirudi ikiwa milki. Cade na Gordon hawakununua tu walichokuwa nacho akina Joseph. Walitengeneza kitu kingine, chenye jina lilelile na mipaka ileile, ambacho hakuna mtawala wa Adansi aliyewahi kukitoa.

Mpinzani wangu atasema: walijua. Watu waliosoma, waliofanya biashara na London miaka mingi, walijua fika karatasi itakuwa nini ikifika kule. Hoja hii siwezi kuipuuza. Ni kweli hawakuwa washamba, na hati waliyoiandika wenyewe ilikuwa na lugha ya Kiingereza. Mtu anayeandika mkataba katika lugha ambayo mwenzake haisomi amebeba dhamana kubwa kuliko mwenzake, na dhamana hiyo haifutwi na shida za mtaji. Nawatetea akina Joseph, lakini hapa siwasafishi. Faida yao ilitokana na kusimama katikati ya lugha mbili, na anayesimama hapo huona kinachopotea wakati maneno yanavuka.

Hata hivyo mtu asihukumiwe kwa mwaka mmoja wa maisha yake. Mwaka uleule wa 1897 kampuni ilipoandikishwa, serikali ya Pwani ya Dhahabu ilileta muswada wa ardhi ambao ungeipa dola mamlaka juu ya ardhi za wenyeji. Watu wa Cape Coast wakaunda chama cha kutetea haki za wenyeji, na Joseph Brown alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo. Mtu aliyeshiriki kupata maili 100 za Obuasi, akaona zilivyogeuka mikononi mwa wengine, alikuwa sasa upande wa wanaosema ardhi isiguswe. Wengine wataita hiyo unafiki. Mimi naona mtu ambaye alikuwa ameona kwa macho yake karatasi inaweza kufanya nini.

Mwaka 1898 chama kikawatuma wajumbe watatu London wakiongozwa na Jacob Sey. Walipanda meli kutoka pwani ileile ambako mashine za Cade zilikuwa zimeshushwa miezi michache tu nyuma, wakafika kwa Chamberlain yuleyule aliyekuwa amewafungia mlango wajumbe wa Prempeh. Safari hii aliwasikiliza, na muswada ukaachwa. Obuasi, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuandikwa, na ilikuwa imebakiza miaka 89.