Aspirini za baba mdogo

Jumapili nilikuwa Uyole, hapa Mbeya, kwa baba mdogo. Tumekula, chai imeletwa, mara anatoa mfukoni karatasi mbili za vidonge: omeprazole na aspirini. Nikamuuliza nani kamwandikia. "Si mlituma wenyewe kwenye grupu la ukoo?" Ujumbe wenyewe unasema wazungu wamegundua dawa ya kiungulia ikichanganywa na aspirini inazuia saratani ya koo. Chini yake kuna emoji tano za mikono ya maombi, basi hapo nani abishe.

Kinachoniudhi ni kwamba si uongo mtupu. Uingereza kulikuwa na utafiti uliotoa majibu yake mwaka 2018. Watu 2,557 walifuatiliwa kwa karibu miaka 9, na waliomeza esomeprazole, ndugu ya omeprazole, miligramu 40 mara mbili kwa siku pamoja na aspirini walikaa muda mrefu kuliko wenzao kabla ya kufikwa na kifo, saratani, au seli zilizofika mlangoni mwa saratani. Haya, nakubali. Lakini kila mmoja wao alikuwa ameshaingizwa kamera kooni, akakatwa kipande kidogo cha nyama, kikapimwa, akakutwa na Barrett: asidi imempanda miaka na miaka mpaka utando wa ndani wa umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umegeuka kufanana na wa utumbo. Na hata wenye Barrett, wengi hawafiki kwenye saratani. Sasa baba mdogo, kamera pekee iliyowahi kumkaribia ni ya mpiga picha wa harusi.

Simcheki, maana nami nina dhambi zangu. Niliuza kwenye duka la dawa Mwanjelwa miaka minne. Kuna mama alikuwa anakuja kila mwezi, ananyoosha mkono tu, nampa omeprazole zake. "Vidonda vya tumbo, mwanangu." Naitikia pole mama, narudisha chenji. Huku kwetu chochote kinachouma kati ya kifua na kitovu ni vidonda vya tumbo, na ukiwa navyo kweli, aspirini ndiyo ya kuikimbia, inatoboa na kuvujisha damu. Miaka miwili nilimhudumia yule mama. Sikumwambia hata siku moja akapime.

Ningemwambia, angepimwa? Binamu yangu alipewa rufaa ya endoskopi, hiyo kamera yenyewe, kwenye hospitali moja mkoani. Mara ya kwanza mashine mbovu. Ya pili mashine nzima, daktari wake yuko semina. Ya tatu akaandikiwa omeprazole za siku 14, kwa kiungulia cha miaka 11. Halafu tunashangaa watu wakitibiwa na grupu la ukoo! Kidonge cha kinga kinaanza na mtu anayejulikana ana nini. Hapa tumeanza na kidonge.

Isitoshe, saratani ya umio inayotuua zaidi Afrika Mashariki ni ya aina nyingine, haitokani na hiyo asidi. Inahusishwa na tumbaku, na pombe, na vinywaji vya moto kupita kiasi. Mwaka 2016 shirika la saratani la WHO liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Mbeya kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kwa baridi ya Juni mtu anapuliza mara mbili, anameza. Omeprazole haina habari na hilo.

Nilikuwa namweleza hayo, anaitikia kwa adabu, kumbe mawazo yako kwingine. Akanikatiza: "Sasa mwanangu, na hii ya ugali kukwama? Siku hizi mpaka niusukume na maji."

Tangu lini?

"Tangu mavuno."

Aspirini nimeondoka nazo. Jumatano nampeleka kwenye kamera, na wakiniambia mashine mbovu nitalala palepale kwenye benchi.