Sijalipua nyumba ya wakwe, ni kapasita tu

Kabla hamjaendelea kunitumia zile emoji za bomu naomba niseme, sikulipua nyumba. Huyo rafiki niliyeenda naye, ambaye naona mnamuamini kuliko mimi, kawahadithia na chumvi kilo nzima, eti dari limeshuka, eti majirani walikimbia na watoto mgongoni. Dari lipo. Majirani walikuja kuchungulia tu.

Basi bwana, Jumamosi nilikuwa Tanga ukweni, siku ya kujitambulisha. Joto lile mnalijua, shati limegandana na mgongo, na pale sebuleni kuna pangaboi linavuma mmmmm halizunguki. Baba mkwe akiona jasho la mgeni limezidi anainuka, anachukua mpini wa fagio analisukuma panga moja, ndo linaanza kuzunguka kinyonge kama limelazimishwa. Mimi nimesoma umeme miaka miwili jamani, unakaaje kimya?

Nikasema, "Baba, hiyo ni kapasita imekufa, kile kidude cha kulianzishia." Mchumba akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani mapenzi.

Nikaendelea na lekcha: umeme wa ukutani huwa unaenda na kurudi, mizunguko 50 kila sekunde, sasa koili moja peke yake, ule waya uliosokotwa ndani ya mota unaogeuka sumaku umeme ukipita, inalivuta tu mbele nyuma mbele nyuma, pangaboi halijui liende wapi ndo maana linavuma, na mtu akilisukuma linafuata upande huohuo aliolisukumia. Kapasita kazi yake ni kufanya umeme wa koili ya pili uwahi kidogo, usifike pamoja na mwenzake, hizo sumaku mbili zikipokezana ndo mota inapata mwelekeo. Mzee akalisimamisha, akalisukuma kinyume kuhakikisha. Likazunguka kinyume kweli, upepo ukawa unapelekwa darini. Akanitazama kwa heshima, na ile heshima ndiyo iliyoniponza.

Mtu mwenye akili angesema tutume mtoto dukani. Mimi nikaona juu ya kabati kuna taa ya enaji seva iliyoungua, nikaipasua taratibu mbele ya ukoo mzima, nikatoa kapasita yake, kijisilinda cheusi kimeandikwa maikrofaradi 2.2 (ndo ukubwa wake), volti 400. Ya pangaboi ilikuwa 2.5. Si jirani kabisa? Na umeme wetu ni 230, hata kilele chake ni kama 325, kwa hiyo nikaona 400 inatosha na chenji inabaki. Ubavuni kulikuwa na mstari mweupe wenye alama ya kutoa. Wadau, niliuona. Niliuona kwa macho yangu mawili nikajiambia hayo ni mambo ya redio.

Na usalama nilizingatia, msije mkasema. Nilizima meini swichi, kapasita ya zamani nikaimaliza umeme kwa balbu, nikamfundisha na shemeji mdogo kwamba hii kitu inabaki na umeme hata ukizima. Nikafunga waya na tepu nyeusi, nikaiacha ile mpya inaning'inia nje ya kikombe cha pangaboi kule darini, nikashuka kwenye stuli. "Shemeji, washa!"

Sasa hapa twende polepole.

Pangaboi likaondoka LENYEWE. Bila fagio. Baba mkwe akasema "Maashallah." Mimi nimesimama mikono kiunoni, kichwa juu, mdomo wazi, na mama mkwe ndo anatokea jikoni na sinia la juisi ya ukwaju. Ilikuwa kama sekunde nne. Zilikuwa tamu sana zile sekunde nne.

Kumbe mle ndani ya kapasita kunaungua. Kile kijisilinda ni cha umeme wa upande mmoja, ndani kina karatasi ya alumini yenye utando mwembamba mno wa oksidi ndo unaozuia umeme, na ule utando ukigeuziwa chanya na hasi unakufa, umeme unapenya, majimaji yanachemka yanakuwa gesi. Mimi nimeugeuzia mara 50 kwa sekunde. Pigeni hesabu, mara 200 mama wa watu hajaweka hata sinia chini.

Nikasikia sssss, kama chapati inayotiwa mafuta. Nikasogea nisikie vizuri (ndiyo, NIKASOGEA). Halafu PAAA!

Nilichofanya sikukipanga. Nilipiga kelele "Mama nakufa!" na kwa kuwa mama aliyekuwa karibu ni mmoja, nikamkumbatia. Kiunoni. Mama mkwe. Sinia likaenda juu, juisi ikaenda kwenye kanzu nyeupe ya mzee, na pangaboi kwa ujeuri wake bado linazunguka kwa nguvu iliyobaki, linagawa vipande vya karatasi na moshi sebule nzima kama tuko harusini. Karatasi moja ikatua kwenye kofia ya babu. Hakuna aliyeongea. Mimi bado nimeshika kiuno.

Yaliyofuata hayana maana: shemeji kazima swichi, mchumba kaingia chumbani kajifungia, fundi kaitwa kaja na kapasita yake ya kiboksi ya elfu tatu, isiyo na chanya wala hasi, kaifunga dakika tano huku anaokota mabaki ya yangu na kusonya. Pilau nililetewa barazani.

Jana usiku simu ikaita, baba mkwe. Nikasimama wima kabisa chumbani peke yangu, shikamoo baba. "Marahaba. Pampu ya kisima nayo imeanza kuvuma haizunguki." Moyo ukaniruka, nikajua nimesamehewa, nikaanza kumwambia baba hata kesho asubuhi napanda basi.

"Hapana mwanangu," akasema, "nimekupigia nikwambie usije."