Kabla hujaweka OpenWrt, igeuze kwanza hiyo rauta usome stika

Jirani yangu hapa Dar alinitumia meseji wiki iliyopita, anasema "kaka, nimesikia ukiitoa ile programu iliyokuja na rauta ukaweka OpenWrt waifai inakuwa na nguvu na haikatiki tena, nije unifanyie?" Nikamjibu kwa kifupi aniletee picha ya stika iliyo chini ya rauta yake, ila jambo lenyewe linataka maelezo marefu kuliko meseji, maana kuna watu wanaisifia OpenWrt kama dawa ya kila ugonjwa na kuna wengine wanaiogopa kabisa, na nikiwasikiliza wote naona kila upande una hoja yake.

Kwa ambaye ndio anaisikia leo, rauta ni kakompyuta kadogo, ina prosesa, ina memori, na ina programu inayoiendesha ambayo ndio tunaita femwea. OpenWrt ni femwea huria, yaani msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa wote, ni Linux kabisa, ule mfumo endeshi wa kompyuta, iliyopunguzwa mwili ikatoshea humo ndani. Jina lake linatokana na rauta ya Linksys WRT54G iliyotoka mwishoni mwa 2002, mwaka uliofuata watu wakaichunguza wakakuta ndani yake kuna Linux, na Linux ina leseni ya GPL inayosema ukisambaza programu hiyo lazima utoe na msimbo wake, basi Linksys, ambayo Cisco walishainunua, ikautoa huo msimbo 2003 na mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza. Nalisema hili kwa sababu bado kuna mtu anadhani kuflashi rauta, yaani kuiwekea femwea nyingine, ni mambo ya wizi au udukuzi. Rauta uliyoinunua kwa hela yako ni yako.

Sasa hoja kubwa ya wanaotetea, na mimi hapa nasimama nao, ni kwamba kiwanda kinakuacha mapema. Rauta ya bei ya kawaida inaweza kukaa sebuleni miaka sita, saba, inawaka vizuri tu, lakini ukiangalia masasisho ya femwea yake unakuta yalitoka mawili matatu halafu kimya, maana kiwanda kishahamia kwenye modeli mpya. Na mashimo ya usalama hayaachi kugunduliwa kwa vile kiwanda kimenyamaza. Mwaka 2018 kirusi kilichoitwa VPNFilter kilikutwa kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, nyingi zikiwa rauta za nyumbani na za ofisi ndogo, mpaka FBI ya Marekani ikawaomba watu wazime rauta zao waziwashe upya. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Oktoba 2017, likatangazwa tatizo la KRACK lililogusa WPA2, yaani ulinzi wa waifai karibu yote duniani, na wale jamaa wa LEDE (tawi la OpenWrt lililojitenga 2016, wakaja kuungana tena Januari 2018) walitoa toleo lenye marekebisho ndani ya siku chache tu. Rauta ngapi za dukani zilipata marekebisho hayo? Nyingi hazikuwahi kuyapata.

Hoja ya pili ni ile foleni ya data ambayo wengi tunaiita "neti mbovu". Nyumbani kwangu ilikuwa hivi, mtu mmoja chumbani anapandisha video, mwingine yuko kwenye simu ya video na bibi yake Mwanza, na ghafla sauti ya bibi inakuwa ya roboti, picha inaganda, kila mtu anamlaumu mtoa huduma. Kumbe bando lipo na spidi ipo, tatizo ni kwamba ile video imejaza foleni kwenye njia ya kupandishia na vipakiti vidogo vya simu, yaani vipande vya data, vinasubiri nyuma yake kama bodaboda nyuma ya semi treila. OpenWrt ina kifurushi kinaitwa SQM, ndani yake kuna mpangaji foleni anaitwa CAKE, unamwambia spidi yako halisi ni ngapi, unampunguzia kidogo tu labda asilimia 10, na yeye anahakikisha kila mtu anapata zamu yake. Siku nilipoiwasha nilimwambia kijana aendelee kupandisha video yake makusudi huku tukiongea na bibi, na sauti ilikuja safi mwanzo mpaka mwisho. Hilo ndilo lililonifanya niipende hii kitu.

Lakini hapo hapo niseme ukweli mwingine. SQM inafanya kazi vizuri kama spidi yako imetulia, mfano faiba, ila kwenye laini ya simu ambayo asubuhi inakupa megabiti 20 kwa sekunde na usiku inakupa 4 unampa namba gani? Ukiweka 18 usiku haisaidii kitu, ukiweka 3 asubuhi umejinyima. Kuna skripti za kubadilisha hiyo namba zenyewe, ila hapo ushaingia kwenye kazi ya fundi, sio ya mtu anayetaka tu waifai. Na SQM inakula prosesa, kile kichipu cha 580 MHz kwenye rauta za bei rahisi hakiwezi kupanga foleni ya faiba kubwa, kitachoka na spidi itashuka.

Na hili la "waifai inakuwa na nguvu" naomba nilikatae moja kwa moja. Antena ni ile ile na ukuta wa tofali ni ule ule. Kuna watu wakishaweka OpenWrt wanaenda kwenye setingi wanachagua nchi nyingine ili kifaa kiruhusu nguvu kubwa zaidi ya mawimbi, wanakuwa wanaingilia mitambo ya wengine halafu simu zao wenyewe haziwezi kujibu kwa nguvu hiyo, kwa hiyo unaona vipau vimejaa na neti haisogei. Wasiwasi wa aina hii ndio uliofanya mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, mwaka 2015 itake watengenezaji wazuie watu kuchezea redio za rauta, na wengine wakaona njia rahisi ni kufunga femwea nzima. TP-Link, kampuni ya kutengeneza rauta, walifanya hivyo, ila 2016 wakapatana na FCC kuhusu kosa la rauta zao kuvuka nguvu iliyoruhusiwa, wakalipa dola 200,000 na wakakubali kufanya kazi na jamii ya programu huria ili femwea za nje ziruhusiwe. Mlango ulibaki wazi kwa shida, tusiuharibu kwa kutafuta vipau.

Hoja nzito ya wanaopinga, ambayo watetezi wengi wanaipita haraka, ni kwamba OpenWrt haijiapdeti yenyewe. Ukiflashi leo ukaisahau miaka minne utakuwa na rauta yenye mashimo kama ile ya kiwandani, na pengine ya kiwandani mpya ingekuwa inajisasisha usiku bila kukuuliza. Na mradi wenyewe sio malaika, Desemba 2024 lilikutwa tatizo kwenye seva yao ya kutengenezea masasisho ambalo lingeweza kumpa mtu femwea iliyochezewa, wakalirekebisha ndani ya saa chache na wakalitangaza wazi. Mimi uwazi ule uliniongezea imani, ila umsaidie nani kama huyo mtu hasomi matangazo?

Halafu kuna suala la nani anabaki nyumbani. Mwaka jana nilikuwa Dodoma kikazi, nikapigiwa simu saa mbili usiku, "baba, waifai hakuna", na kila nilichoelekeza kwenye simu kilikuwa kigumu kwa sababu hakuna fundi wa mtaani anayeijua ile skrini ya setingi za OpenWrt. Tangu siku hiyo rauta ya kiwandani ninaiweka kabatini ikiwa na setingi zote, mtu anachomoa moja anachomeka nyingine.

Na umeme. Mimi nimeshaua rauta, TL-WR841N ya TP-Link, nilikuwa naiapdeti saa nne usiku, ule mstari unasogea, umeme ukakatika. Uliporudi taa zikawa zinawaka na kuzima tu, hakuna waifai, hakuna anwani. Iliyoniokoa ni kwamba programu ya kuwashia haikuguswa. Yangu ilikuwa vesheni ya 13, kwa hiyo nikaipa laptopu anwani ya mtandao 192.168.0.225 kwa kebo, faili nikaliita tp_recovery.bin, nikabonyeza kitufe cha riseti huku nawasha, ikalivuta yenyewe lile faili kutoka kwenye laptopu ikafufuka. Vesheni ya 9 ya modeli ile ile inataka 192.168.0.66 na jina lingine la faili, ukichanganya utabonyeza hicho kitufe mpaka asubuhi. Siku hizi siflashi bila kuichomeka kwenye betri, na faili la kufufulia nalipakua kabla, kwa sababu rauta ikishakufa utalipakulia wapi?

Hapo ndipo stika inapoingia. TL-WR841N vesheni ya 13 ina flashi (hifadhi ya kudumu) ya megabaiti 8 na ramu (memori ya kufanyia kazi) 64. Vesheni ya 14, sura ile ile, antena zile zile, ina flashi 4 na ramu 32. OpenWrt waliacha kutoa matoleo rasmi kwa rauta za 4 na 32 baada ya toleo la 19.07, kwa hiyo ukimwekea mtu OpenWrt kwenye hiyo utamwekea ya zamani isiyopata marekebisho, yaani umeondoa programu iliyoachwa ukaweka nyingine iliyoachwa. Hata 8 na 64 sasa hivi inabanana, wenyewe wanashauri 16 na 128 kwenda juu. Na kama chipu ya waifai ni ya kampuni ya Broadcom, nyingi hazina madereva huria (programu za kuiendesha chipu) yanayoeleweka, waifai inaweza isifanye kazi kabisa au ikafanya kwa kuchechemea. Kiboksi cha faiba alichokufungia mtoa huduma usikiguse, ni mali yake, weka rauta yako nyuma yake.

Kwa hiyo mimi naona watu wengi wanaanza mwisho. Wananunua rauta, inawakera, ndipo wanatafuta OpenWrt. Uamuzi wenyewe unafanyika dukani, unaangalia modeli na vesheni kwenye orodha ya OpenWrt ndipo unatoa hela. Kuna hata OpenWrt One, waliyoitoa mwishoni mwa 2024 kwa kushirikiana na Banana Pi, watengenezaji wa vibodi vya kompyuta, ina gigabaiti 1 ya ramu na imetengenezwa ili isife ukikosea, ilipotoka bei ilikuwa dola 89 kabla ya usafiri na ushuru, kwa wengi wetu hiyo ni hela nyingi kwa rauta na simlaumu anayeipita.

Jirani akanitumia picha ya stika. TL-WR841N, Ver 14.0. Nikamwambia hiyo tusiiguse, nikaenda kwake tukaweka femwea ya mwisho ya kiwandani, tukazima WPS (ile njia ya kuunganisha waifai kwa kitufe au namba), tukazima ruhusa ya kuingia kutoka nje, tukabadilisha paswedi ya admin ambayo ilikuwa bado ni admin, na rauta tukaitoa nyuma ya tivii tukaiweka juu ya kabati la koridoni. Jumamosi akanipigia akiwa Kariakoo, ameshika boksi la rauta nyingine, anamwomba muuzaji amfungulie asome stika, na mimi huku niko kwenye kompyuta namtafutia hiyo vesheni.