Nilivyoirekebisha bendera ya watu huku wenyewe wananiangalia

Nianze kwa kukiri kwamba wazo la Siku ya Mataifa lilikuwa la kwangu mwenyewe, hakuna aliyenituma. Kikao cha walimu kinaisha, watu wameshaanza kukusanya makaratasi, mimi nikanyoosha mkono nikasema jamani kwa nini tusiwe na siku moja ambayo kila somo linachukua nchi yake, watoto wanazunguka darasa hadi darasa wanagongewa mihuri kama wana pasipoti, mpaka saa ya kutoka wameshazunguka dunia nzima. Kimya. Mkuu akasema wazo zuri sana, basi mwalimu wewe ndo mwenyekiti. Wenzangu wakapiga makofi. Yalikuwa makofi ya watu walioponea chupuchupu, nimekuja kuyaelewa baadaye.

Nafundisha baiolojia mimi, kwa hiyo nikajigawia Peru, maana kiazi mviringo asili yake ni milima ya Andes na mchoro wa kiazi nilikuwa nao tayari. Mwalimu wa fizikia akachukua Marekani, akasema atafundisha vipimo kwa kutumia kile chombo cha NASA kilichopotelea kwenye sayari ya Mars mwaka 1999 kisa programu moja ilikuwa inatoa namba kwa paundi na wenzao wanazisoma kama nyutoni. Nilicheka nikashika meza. Nikamwambia yani watu na digrii zao wanapoteza chombo kizima kwa kutoulizana vipimo? Hicho kicheko kiwekeni pembeni.

Kwaya wakapewa Hispania, kazi yao kuimba wimbo wa taifa wa kule asubuhi mstarini. Wiki moja kabla, kiongozi wao, binti wa kidato cha tatu mpole kabisa, akaja mezani kwangu.

"Mwalimu, shikamoo. Ule wimbo hauna maneno."

"Marahaba. Hauna maneno au hamjayakariri?"

"Hauna, mwalimu. Tumetafuta."

Nikampa hotuba ya dakika kumi kuhusu uvivu wa kizazi hiki, mtoto akasema sawa mwalimu akaondoka zake. Kumbe kweli bwana, wimbo wa taifa wa Hispania, Marcha Real, hauna maneno rasmi, ni muziki mtupu, na mimi nilikuja kuujua ukweli huo mbele ya shule nzima, kinanda kinalia, watoto thelathini wamesimama wima mikono ubavuni na midomo imefungwa kama bahasha. Niko mbele nawapa ishara, imbeni, imbeni! Wananitazama kwa huruma. Muziki ukaisha, wakainamisha vichwa kwa heshima, wakashuka. Mkuu akaniegemea sikioni, "Mwalimu, hawa wamegoma?"

Habari ya bendera za Poland na Indonesia nitaipitia haraka maana bado inauma. Zote ni nyekundu na nyeupe, ukiipindua hii unapata ile, na aliyepanda ngazi kuzitundika ni mimi. Mpaka mapumziko darasa la Poland lilikuwa limekaa chini ya Indonesia na la Indonesia chini ya Poland, na kila mmoja anamtuhumu mwenzake wizi.

Sasa Nepal. Nepal aliichukua mwalimu wa hesabu, nikamuuliza hesabu na Nepal vinakutana wapi akasema utaona. Ni mtu wa maneno machache yule, ndo maana nilimdharau kidogo. Yeye ndo alitafuta shule moja ya kule wakakubali kuongea na sisi kwa video, wakatupa muda kwa saa zao, na mimi kama mwenyekiti nikasema mambo ya muda niachie. Nikatafuta saa za India, nikaona wako mbele ya Greenwich kwa saa 5 na nusu, nikajisemea Nepal si hapo hapo tu jirani, nikaandika kwenye ratiba nikabandika ukumbini. Nepal ni saa 5 na dakika 45. Hiyo robo saa ndo iliyonimaliza.

Basi, niko ukumbini peke yangu, kwa ratiba yangu bado dakika kumi na tano. Mwalimu wa kompyuta kafungua mkutano mapema ili ajaribu kamera, kaweka anayekuja aingie bila kubisha hodi, halafu katoka kwenda kutafuta waya wa spika. Picha inaenda kwenye projekta tu, yani ukutani nyuma ya mgongo wangu, laptopu yenyewe kioo kimezima. Sauti haitoki. Lakini kamera na maiki vinafanya kazi vizuri kabisa.

Nikaanza mazoezi ya salamu. Nikaunganisha viganja, nikainama mbele ya kiti kitupu, namaste. Nikaona haijakaa sawa. Nikairudia kwa sauti nzito kama ya balozi. Nikaijaribu na tabasamu, bila tabasamu, nikaijaribu natokea upande wa pazia.

Halafu macho yakaangukia bendera ya Nepal waliyoichora watoto wa hesabu, imelala juu ya meza. Pembetatu mbili zimepandiana, upande mmoja wote haupo! Nikasema kwa sauti, "Hivi hii wameichana au imeliwa na panya?" Nani ataonyesha wageni bendera yao ikiwa nusu? Uzuri mimi si mtu wa kukata tamaa. Nikachukua manila nyeupe, nikaikata kwa mkasi, nikaziba yale mapengo mpaka ikawa mstatili kama bendera za watu wengine, nikaigonga na stepla kweli kweli, kila pembe, isije ikaachia mbele za watu. Nikainyanyua juu kwa mikono miwili, nikarudi hatua moja, nikasema, "Haya sasa, hiyo ndo bendera."

Nikageuka niitundike ukutani. Ukutani kuna darasa limejaa watoto wamevaa sare. Hata sikushtuka, nilidhani mwalimu wa kompyuta kaweka picha ya kupamba, nikajisemea kijana ana akili huyu, picha nzuri. Mtoto mmoja kwenye picha akajikuna pua.

Sijui kama mmewahi kusimama hivyo, bendera ya watu mkononi, mkasi kwapani, watu wenyewe wanakuangalia. Mwalimu wao, mama mmoja mtulivu, akaunganisha viganja akanisalimu. Na mimi, katika akili zangu zote, nikajificha nyuma ya bendera. Ile ile.

Hapo ndo mlango ukafunguliwa, akaingia mwalimu wa hesabu na wanafunzi wake wamepanga mstari, rula na bikari mkononi. Akaiangalia bendera, akaniangalia mimi, akauliza taratibu, "Nani amefanya hivi?" Kijana wa mbele akanisaidia, "Mwalimu, ile siyo mbovu. Nepal bendera yao siyo mstatili. Katiba yao ina maelekezo ya kuichora, hatua zaidi ya ishirini, tumepima wiki nzima."

Wiki nzima! Mimi nimeimaliza kwa dakika nane.

Spika zikaunganishwa, na kitu cha kwanza tulichosikia ni kicheko, kumbe walikuwa wanacheka muda wote bila sauti. Mwalimu wa hesabu hakunisema hata neno, alikaa chini akaanza kuchomoa pini za stepla moja moja kwa ncha ya bikari, na kule ng'ambo mtoto mmoja akaanza kuhesabu, ek, wenzake wakadakia, dui, tin, char, panch, watoto wetu nao wakafuata, na kila pini ikitoka ukumbi mzima unapaza sauti. Nilikuwa nimegonga pini nyingi sana. Mpaka ya mwisho inatoka watoto wetu wanahesabu kama wamezaliwa Kathmandu, na mimi nimesimama pembeni nashikilia kisahani cha pini kama mtoto wa ubatizo.

Jioni mkuu akatuita ofisini, amefurahi, anasema kile kipindi cha kuhesabu Kinepali kimemgusa, ile ndo maana halisi ya kuunganisha masomo, nani alikipanga?

Mwalimu wa hesabu akanigeukia taratibu. Yule wa fizikia alikuwa ameshaanza kushika meza.

Nikasema, "Kamati, mkuu."