Kuruka kutoka kilomita 39: sayansi au tangazo?

Felix Baumgartner alipofariki Julai 2025 kwa ajali ya paraglaida nchini Italia, video za mruko wake wa 2012, wa parachuti kutoka kwenye puto kilomita 39 juu, zilianza kusambazwa upya. Hapa Mbeya vijana wakarudia ubishi wa zamani: yule Mwaustria alifanya sayansi, au alihatarisha roho yake kutangaza kinywaji?

Wanaosema ni tangazo wana hoja. Red Bull ndiyo iliyolipa gharama. Kilomita 39 pia si anga za mbali, kwani mpaka unaotambuliwa na wengi ni kilomita 100. Na rekodi ya kimo haikumaliza hata miaka miwili na nusu: Oktoba 2014 Alan Eustace, bosi mmoja wa Google, aliruka kutoka zaidi ya kilomita 41, akining'inia chini ya puto bila chumba cha kukaa wala shamrashamra.

Ila hoja hiyo inapita haraka juu ya kinachoupata mwili kule. Anayepikia Kitulo, kule nyanda za juu, anajua maharage yanachelewa kuiva, kwa sababu hewa ni nyepesi na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ukizidi kupanda, kwenye kilomita 19 hivi, maji huchemka kwa joto la mwili wako mwenyewe. Suti ya kukulinda na hewa hiyo nyepesi ikipasuka hapo, umekwisha. Pyotr Dolgov wa Urusi ya Kisovieti alikufa namna hiyo mwaka 1962. Miaka miwili kabla yake, Mmarekani Joseph Kittinger aliharibikiwa glavu ya mkono wa kulia, mkono ukavimba, naye akaendelea kupanda hadi kilomita 31. Alikuwa akijaribu parachuti ndogo ya kumzuia rubani asizunguke hovyo anapojiokoa kutoka juu sana.

Kwangu mimi, swali kama hilo, la namna ya kumzuia mtu asizunguke hovyo, ndilo linaloupa mruko uzito. Baumgartner, akisikilizana redioni na Kittinger huyohuyo, aliipita kasi ya sauti, akazunguka vibaya, kisha akajituliza. Eustace akatumia parachuti ndogo na kushuka kwa utulivu zaidi. Hiyo ni sayansi, hata kama mmoja alivaa nembo ya biashara. Ila mruko wa Eustace ndio ninaouheshimu zaidi.

Kinachoniuma ni kwamba ubishi wetu huishia kwenye nani jasiri, wakati Kimondo cha Mbozi kiko jirani tu. Mwalimu akiwapeleka wanafunzi pale awaulize: kwa nini jiwe hili liliungua angani na Baumgartner hakuungua? Kimondo huingia kwa kasi ya kilomita nyingi kila sekunde. Yeye alianza kuanguka kutoka kasi ya sifuri.